Kiongozi Kazini na Moyo wa Mwenzake

Mazungumzo na wasimamizi wa sehemu za kazi, Kitete, Tabora



Humu ndani tunawaona wauguzi wenye dhamana ya wodi, walimu wakuu, makatibu wa vyama vya msingi vya wakulima wa tumbaku, wasimamizi wa mafundi ujenzi, na akina mama wenye maduka na mikahawa ambao wana binti mmoja au wawili wa kuwasaidia. Kila mmoja wenu ana mtu ambaye akimwambia, "Fanya hivi," hana budi kufanya. Basi kila mmoja wenu ni kiongozi, hata kama barua yake ya kazi haisemi hivyo.

Tunapotaja haki mahali pa kazi, tumezoea kutaja mshahara, likizo, saa za kazi na mafao ya uzeeni. Hayo ni ya lazima, na wala hatutayapunguza leo. Lakini iko haki nyingine ambayo haiandikwi katika hati ya malipo. Ni haki ya mtu kutovunjwa moyo na mkubwa wake. Leo tunataka kuzungumza juu ya namna kiongozi anavyoitambua na kuitawala hasira yake, hofu yake na majivuno yake, na namna anavyoisoma hali ya moyo wa mtu aliye chini yake. Wataalamu wa siku hizi huliita jambo hilo akili ya hisia. Wazee wetu waliliita utu na busara.

Tutakwenda kwa njia tuliyoizoea katika semina zetu: kwanza tuone, kisha tupime, hatimaye tutende.

I. TUONE

Kosa letu wenyewe

Yafaa tuanze na kosa letu, ili asiwepo anayedhani kwamba tumekuja kunyoosha kidole. Miaka kadhaa iliyopita, katika kikao chetu wenyewe, tulimkaripia kijana aliyechelewa kuleta daftari la mahesabu. Tulimkaripia mbele ya wageni, tena kwa maneno ambayo tusingependa mtu amwambie mtoto wetu. Kijana hakujibu. Aliinamisha kichwa, akaweka daftari mezani, akatoka. Sisi tukaona tumeimarisha nidhamu.

Miezi miwili baadaye iligundulika kwamba fedha za mfuko mdogo hazilingani na stakabadhi. Yule kijana alikuwa ameliona kosa hilo tangu wiki ya kwanza. Si yeye aliyelifanya, aliliona tu. Tulipomwuliza kwa nini hakusema, alijibu kwa neno moja: "Niliogopa." Hapo ndipo tulipotambua kwamba siku ile hatukufundisha nidhamu. Tulifundisha kunyamaza.

Hofu huficha makosa

Jambo lililotupata sisi limechunguzwa pia na wataalamu. Katika miaka ya 1990, mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, alichunguza timu za wauguzi katika hospitali za huko ili kujua makosa ya kutoa dawa yanatokeaje. Alitarajia kwamba timu zenye uongozi mzuri zingekuwa na makosa machache. Hesabu zikaonyesha kinyume: timu zilizoongozwa vizuri ziliandika makosa mengi zaidi. Alipochunguza kwa undani, sababu ikaeleweka. Katika timu hizo muuguzi aliyekosea kipimo cha dawa aliweza kusema bila kuogopa, na kosa likarekebishwa mapema. Katika timu zenye mkubwa mkali makosa yalikuwepo, lakini yalifichwa. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1996.

Sisi wa Kitete, ambao jina la mtaa wetu halitajwi bila kukumbukwa hospitali ya mkoa, tunaelewa upesi maana yake. Mgonjwa aliyelala kitandani hajui kama muuguzi wa zamu anaogopa kumwamsha mkubwa wake usiku. Lakini uhai wake waweza kutegemea jambo hilo. Vivyo hivyo mkulima wa tumbaku hajui kama karani wa mizani anaogopa kusema kwamba uzito umeandikwa vibaya. Ukali wa mkubwa haumwumizi mdogo peke yake. Unafika hadi kwa mtu wa tatu asiyehusika.

Njia ya misafara

Tabora ni mji uliojengwa na kazi ya watu waliotembea. Katika karne ya 19 misafara kutoka Bagamoyo ilitembea kilometa 800 hivi, kwa miezi miwili, mitatu au zaidi, hadi kufika hapa Unyanyembe, ndipo njia zikagawanyika kwenda Ujiji, Karagwe na kwingineko. Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri wa njia hiyo. Mtu mmoja alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, mbali na mkeka wake, sufuria yake na silaha yake.

Tusidhani kwamba watu hao wote walikuwa watumwa. Wapagazi wengi walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Mpagazi huru alikuwa na jibu lake kwa mkubwa mwonevu: aliweka mzigo chini. Wakati mwingine waliweka mizigo chini wote kwa pamoja, na msafara ukasimama. Wakati mwingine mtu alitoroka usiku. Kwa sababu hiyo kirangozi aliyetangulia mbele, na wanyampara waliosimamia makundi, walilazimika kuzijua nyoyo za watu: nani amechoka, nani ana homa, nani amegombana na mwenzake juu ya posho, na ni lini ufaapo wimbo kuliko amri.

Neno nyampara lenyewe lina fundisho. Katika Unyamwezi lilikuwa jina la mzee, mtu wa ushauri katika utawala wa mtemi. Leo tukisikia "nyampara" tunamwona msimamizi anayepiga kelele. Neno limebaki, lakini mzee aliyeshauri ametoweka ndani yake.

Viongozi wawili waliopita hapa

Mapema mwezi Mei 1873 Daktari David Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake walibaki peke yao, mbali na pwani, wakiwa na maiti ya mgeni mikononi. Wawili kati yao, Abdullah Susi na James Chuma, walikuwa wamefuatana naye kwa miaka mingi. Wangeweza kutoa amri. Badala yake waliwaita watu wote, wakawaeleza hatari iliyokuwepo: kwamba kifo kile kingeweza kuwaletea mashaka katika kila kijiji watakachopita. Wenzao ndio waliowaomba wawe viongozi, wakaahidi kuwatii. Uongozi wao ulitoka katika baraza, si katika cheo.

Walizika moyo wa marehemu chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga. Mara baada ya kuanza safari wengi waliugua, na msafara ukasimama mpaka wagonjwa wapate nguvu. Mwezi Oktoba 1873 walifika hapa Unyanyembe. Hapa walimkuta Luteni Verney Lovett Cameron, ofisa wa Kiingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone. Cameron aliwashauri wamzike hapa hapa, maana njia ya mbele ilikuwa ya hatari. Tufikirie uzito wa jambo hilo: ofisa, tena Mzungu wa taifa la marehemu, anawaambia wapagazi waache. Wao wakakataa. Hawakupigana naye, wala hawakumtukana. Lakini hawakuacha nia yao.

Mbele ya safari, watu wa kijiji kimoja walikataa maiti isipite. Wasafiri walitengeneza furushi la bandia, wakatuma wenzao warudi nalo Unyanyembe kana kwamba wanakwenda kuzika huko. Mwili wenyewe wakaufunga upya ufanane na robota la nguo, wakaendelea. Waliitambua hofu ya wanakijiji, wakaipitia kando badala ya kuipiga kwa bunduki. Mwezi Februari 1874 walifika Bagamoyo.

Na huko ilikuwaje? Walikabidhi mwili, wakalipwa ujira wao, wakaambiwa basi. Susi na Chuma hawakupelekwa kwenye maziko ya tarehe 18 Aprili 1874 huko Westminster Abbey, London. Kati ya wale waliobeba, Jacob Wainwright peke yake ndiye aliyekuwepo. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye, maziko yalipokwisha kupita. Kazi yao ilihesabiwa kwa fedha, lakini msiba wao haukuhesabiwa. Hata leo tunawafahamu wakubwa wanaolipa mshahara tarehe ileile kila mwezi, lakini hawajui kwamba mfanyakazi wao amefiwa.

Tuweke na mfano wa upande wa pili. Sidi Mubarak Bombay, aliyepita Tabora mara nyingi akiongoza misafara ya Wazungu, alikuwa na pengo katika meno ya mbele. Henry Morton Stanley aliandika mwaka 1872 kwamba pengo hilo lilitokana na ngumi ya Kapteni Speke. Hasira ilikuwa ya dakika moja, na pengo likadumu. Yako mapengo ya namna hiyo katika ofisi nyingi, ila tu hayaonekani mtu anapocheka.

II. TUPIME

Akili ya hisia ni nini?

Wataalamu wawili wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, walieleza dhana hii katika makala ya mwaka 1990. Mwaka 1995 mwandishi Daniel Goleman aliieneza kwa kitabu kilichosomwa na watu wengi duniani. Kwa ufupi, Goleman alitaja mambo matano: mtu kujitambua, kujitawala, kuwa na ari inayotoka ndani na si katika fedha tu, kuhisi yale anayohisi mwenzake, na ustadi wa kuishi na watu.

Kati ya hayo, la kwanza ndilo mzizi. Mkubwa asiyejua kwamba ana hasira huiita hasira yake "msimamo." Asiyejua kwamba ana hofu ya kupitwa na kijana msomi huiita hofu yake "uzoefu." Na asiyejua kwamba ana majivuno huyaita "heshima ya ofisi." Mtu wa namna hiyo hawezi kujitawala, kwa maana hawezi kukitawala asichokiona.

Lakini hatuna budi kupima, tusipokee kila neno jipya kwa kuwa limetoka mbali. Wataalamu wenyewe wangali wakibishana juu ya namna ya kuipima akili hiyo, na kama kweli inafanya yote yanayodaiwa. Na sisi tunaongeza maonyo mawili.

Onyo la kwanza: tabasamu si mshahara. Msimamizi mpole anayechelewesha malipo kwa miezi mitatu ni mwonevu mpole. Asije mtu akatoka hapa akidhani kwamba maneno matamu yanaweza kushika mahali pa haki.

Onyo la pili ni zito zaidi. Kuzisoma nyoyo za watu ni uwezo, na uwezo waweza kutumikia uovu. Njia hii hii iliyopitisha Susi na Chuma ilipitisha pia pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Hamed bin Muhammed, tunayemwita Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makao karibu na Tabora, alikuwa bingwa wa kuwaelewa watu. Yeye mwenyewe alisimulia, katika habari za maisha yake, jinsi alivyomshawishi mtawala wa Utetera, katika nchi ambayo leo ni Kongo, amsadiki kuwa ni mjukuu wa ndugu yake aliyetekwa zamani. Na yule mzee akamwachia utawala. Aliuona uchungu wa mzee aliyepoteza ndugu, akaufanya mlango wa kuingilia. Huo haukuwa upungufu wa akili ya hisia. Ilikuwapo kwa wingi. Kilichokosekana ni haki.

Kwa hiyo kipimo chetu si kumwuliza kiongozi, "Je, unawaelewa watu wako?" tu. Tunauliza pia, "Unawaelewa kwa faida ya nani?"

Nchi yetu ilikwisha kulisema

Jambo hili si geni Tanzania. Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 uliagiza kuanzishwa kwa mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma, ili mfanyakazi apate mahali pa kusema. Mwezi Februari 1971 chama cha TANU kilitoa Mwongozo, na fungu lake la 15 lilikemea viongozi wenye majivuno, ubadhirifu, dharau na uonevu. Angalieni: hayo karibu yote ni magonjwa ya moyo. Taifa changa liliona kwamba jeuri ya meneja si tabia yake binafsi tu, bali ni jambo la siasa na la haki.

Wafanyakazi walilishika neno hilo kwa dhati. Kati ya 1971 na 1973 ilizuka migomo katika viwanda na mashirika, hasa Dar es Salaam. Mara nyingi madai hayakuwa mshahara peke yake. Walilalamikia lugha ya matusi, dharau na upendeleo wa wakubwa, na mahali pengine waliwafungia mameneja nje ya lango. Baadhi ya migomo hiyo iliishia kwa wafanyakazi kufukuzwa. Fundisho linabaki: mtu huweza kuvumilia mshahara mdogo kwa muda mrefu kuliko anavyovumilia kudharauliwa, na mkubwa asiyesikiliza mnong'ono atakuja kusikiliza kelele.

Leo sheria nayo imeweka mipaka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali, na afuate utaratibu wa haki, kabla ya kumwachisha mtu kazi. Inakataza pia ubaguzi na udhalilishaji kazini. Mfanyakazi aliyeachishwa isivyo haki anaweza kupeleka shauri lake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mradi afanye hivyo katika siku 30. Watumishi wa umma wana njia zao za rufaa chini ya sheria ya utumishi wa umma ya mwaka 2002. Utaratibu wa haki maana yake, pamoja na mengine, ni kwamba mtu asikilizwe kabla ya kuhukumiwa. Basi kusikiliza si upole wa hiari, ni wajibu.

Mzigo uliowekwa chini moyoni

Tulisema kwamba mpagazi huru aliweza kuweka mzigo chini na kuondoka. Mfanyakazi wa leo mara nyingi hawezi. Ana ada ya shule, ana kodi ya nyumba, ana mama kijijini. Kwa hiyo anabaki, lakini anauweka mzigo chini moyoni. Anafika saa moja na nusu, anatia sahihi, anakaa. Akiulizwa anajibu, "Ndiyo, mzee," au "Ndiyo, mama." Hakosei waziwazi wala hasaidii. Akiona paa linavuja juu ya mafaili, hasemi. Mkubwa anamwona na kudhani ana mtu, kumbe ana kiti chenye mtu juu yake.

Hii ndiyo hasara inayotusumbua. Na kwa kuwa mfanyakazi hawezi kuondoka, kizuizi kilichomfanya nyampara wa zamani awe mwangalifu kimeondoka. Hapo ndipo kiongozi anapojaribiwa, kwa maana hakuna anayemlazimisha kuwa mtu mwema. Yampasa achague.

III. TUTENDE

Hatutaki mtoke hapa na maneno mazuri tu. Tunawaomba mjaribu mambo sita kwa muda wa mwezi mmoja.

1. Karipio liwe la faragha, sifa iwe ya hadharani. Mwenye kosa aitwe ndani, mlango ufungwe, aelezwe kosa lake na si ukoo wake wala kabila lake.

2. Uliza kabla ya kuhukumu. "Kumetokea nini?" ni swali fupi, nalo lingetuokoa sisi siku ile ya daftari.

3. Hasira ipewe usiku mmoja. Barua ya onyo iliyoandikwa kwa hasira isitiwe sahihi siku hiyo hiyo. Kama kesho yake bado ni ya haki, itatiwa sahihi.

4. Mwenye kuleta habari mbaya ashukuriwe kwanza. Habari yenyewe ishughulikiwe baadaye. Ukimpiga aliyekuambia nyumba inaungua, safari nyingine utaona moto ukiwa umefika darini.

5. Jua misiba na furaha za watu wako. Haihitaji bajeti. Yahitaji kuuliza na kukumbuka.

6. Ukikosa, omba radhi, na kama ulimwaibisha mbele ya watu, omba radhi mbele ya watu hao hao. Sisi tulimwomba radhi yule kijana katika kikao. Ilituwia vigumu kuliko tulivyodhani, na mzee mmoja kati yetu alisema tunajishusha. Lakini tangu siku hiyo yule kijana ndiye aliyekuwa wa kwanza kutuonya kila mahesabu yalipokwenda kombo.

Mtauliza: je, kiongozi asiwe mkali kamwe? Aweza kuwa mkali. Mwizi wa dawa za wagonjwa hastahili kubembelezwa, na anayemnyanyasa binti kazini achukuliwe hatua za kisheria bila kusitasita. Kuwahurumia watu si kuwaachia waovu. Mara nyingi huruma kwa wanyonge ndiyo inayodai ukali. Tofauti iko hapa: ukali wa haki una sababu, una kipimo na una mwisho. Ukali wa majivuno hauna hata kimoja.

Ndugu wapendwa, tunapotoka hapa kila mmoja atarudi kwa watu wake. Kesho asubuhi yupo atakayechelewa. Yupo atakayeleta hesabu yenye kosa, na yupo atakayeingia akiwa na uso uliobadilika. Nyinyi ndio mtakaokuwa na neno la kwanza. Hasira ni hasara, wazee walikwisha kusema. Nasi tunaongeza tu kwamba hasara hiyo mara nyingi hulipwa na mtu ambaye hakuwepo mlipokuwa mkigombana: mgonjwa, mkulima, mwanafunzi.



MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Katika sehemu yako ya kazi, mdogo akigundua kosa, ni jambo gani linalomzuia kusema?

2. Susi na Chuma waliwaeleza wenzao hatari kabla ya kuanza safari. Ni habari gani mbaya ambayo wewe unawaficha watu wako, na kwa nini?

3. Yuko mtu uliyemwaibisha mbele ya wengine? Utafanya nini juu yake wiki hii?

4. Msaidizi wa nyumbani kwako naye ni mfanyakazi. Je, mambo yale sita yanamhusu yeye pia? Anzeni na lipi?